Basi na Kengele ya Shule

Tangu mwaka 2004 wananchi wamejitolea nguvu na fedha kujenga shule za sekondari za kata, na mwaka 2016 Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne. Hata hivyo, kata huwa na vijiji kadhaa, na mara nyingi shule imo katika kimoja tu.

Basi la shamba aghalabu huondoka alfajiri kuwahisha abiria na mazao mjini, likarejea jioni. Kengele ya shule hulia katikati ya safari hizo mbili. Barabara ipo, basi lipo, na mtoto anatembea kwa miguu. Asubuhi hufika amechoka. Alasiri hutokea mwenye pikipiki na lifti ya bure, na wapo mabinti walioilipia lifti hiyo kwa masomo yao. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, humfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Adhabu huja baada ya madhara. Usafiri wa uhakika huyatangulia.

Serikali ya kijiji, mkuu wa shule na mwenye gari wanaweza kuketi pamoja, wakapanga safari kwa kufuata kengele, na wazazi wakachangia kwa mwezi.

Nasi wafanyakazi wa mjini, tunapotuma nyumbani fedha za sare na madaftari, tuulize pia: mtoto huondoka saa ngapi, hurudi saa ngapi, na hurudi na nani?