Mtaro hauchimbwi kwenye shamba la msimu mmoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ardhi, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wa Masisi maji hatuyatafuti, tunapambana kuyatuliza. Mvua ikishapiga miteremko ya Osso-Banyungu, mto Oso unageuka rangi ya matope na kuushusha udongo wetu hadi mto Lowa, kule Walikale. Udongo huo ndio viazi na maharagi yetu.

Dawa inajulikana: mtaro unaokata mlima kwa usawa, na matete kwenye tuta lake. Wazee wetu waliichimba mitaro hiyo kwa amri ya Wabelgiji. Uhuru ulipokuja wengi wakaiacha, maana ilinuka kiboko.

Msimu wa kupanda uliopita nilimsaidia jirani kupima shamba lake. Tulifunga miti mitatu kwa umbo la A, tukaning'iniza jiwe kwa uzi, tukaukata nayo mteremko kwa usawa, hatua kwa hatua, tukichomeka vijiti. Kijiti cha mwisho kilipoingia, aliegemea jembe akaniuliza: “Nikichimba, mwaka ujao atalima nani hapa?” Shamba ni la famu kubwa. Analilipia kwa siku za kazi, na ruhusa inaisha na mavuno. Mtaro wake wa kwanza, ng'ombe walikwisha kuukanyaga na kula matete yote, naye akahamishiwa mteremko mwingine. Sikuwa na la kumjibu. Vijiti tuliving'oa.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, si mwenzako wa Kilimo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 389, iliahidi kwamba haki za wanaoishi kwenye ardhi ya jamii zitapangwa kwa agizo la Rais. Nusu karne ilipita agizo halijatoka, na ndani ya ukimya huo mwenye hati alizidi kupanuka, mwenye jembe akabaki mgeni kwenye mlima wa babu zake.

Utasema vita kwanza. Kweli, Masisi mjini iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na wengi wetu tumelala makambini. Lakini agizo huandikwa Kinshasa, na siku watu watakaporudi milimani, ugomvi wa kwanza utakuwa wa mipaka.

Iwe agizo, iwe sheria mpya, tunaomba itamke mambo mawili: jamii iandikishiwe ardhi yake, na anayekodi apewe mkataba wa maandishi wa miaka isiyopungua mitano, ambao mwenye famu hawezi kuuvunja baada ya mavuno. Jirani yangu ameviweka vile vijiti chini ya paa la jiko lake, vikavu.

Mkulima wa Masisi