Dawa ya rede

Jamani, juzi nimekaa kijiweni hapa Tabora, mabinti wanacheza rede. Mmoja akarusha, mpira ukaenda kama unampita wa kati, halafu ukapinda ukampata begani. Jamaa mmoja, msomi mwenye digrii yake, akatamka: "Huyo mkono wake una dawa." Kijiwe kizima kikaafiki.

Dawa gani? Vidole vya yule binti viliuzungusha mpira wakati anauachia. Mpira unaozunguka huiburuta hewa na kuitupa upande mmoja, nayo hewa huusukuma upande wa pili. Newton aligusia mpira wa tenisi unaopinda mwaka 1672. Mjerumani Magnus akafanya majaribio yake mwaka 1852, wakati misafara ya pembe inapita papa hapa Unyanyembe kwenda Ujiji. Mpira wa rede ni soksi na matambara, mwepesi, kwa hiyo msukumo mdogo tu unaupotosha njia. Tena Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama sehemu moja ya kumi, na mrusho uleule ungepinda zaidi Mbagala. Binti wetu ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa pwani. Dawa hiyo!

(Wazungu nao wasijione. Warushaji wa softiboli Marekani huapa kwamba wana mpira unaopanda. Haupandi. Kwa kilomita 100 kwa saa, mpira usiozunguka ungeshuka karibu mita moja kabla ya kumfikia mpigaji. Ukizungushwa kinyumenyume unashuka pungufu ya hapo, macho yanadanganyika.)

Kinachoniudhi si kijiwe peke yake. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu aliwaambia wasichana wazi kwamba fizikia itawasumbua, waiache wakifika cha tatu. Wengi wakaiacha. Mwalimu huyohuyo alitufundisha mwendo wa vitu vinavyorushwa kwa kuchora mzinga ubaoni. Mzinga! Nani darasani alishawahi kufyatua mzinga? Na rede ilikuwa inachezwa kila jioni nyuma ya bweni.

Nilimfuata yule binti nikamuuliza anaushikaje. Akanionyesha vidole viwili. "Kaka, ukiuviringisha hivi unakwenda kushoto, hivi unazama."

Yuko kidato cha pili. Fizikia, anasema, ameshaambiwa aiache.