Wastani Si Uimara

Mnunuzi wa chungu sokoni hatosheki na maneno ya mwuzaji. Hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake, kwani ufa mwingine hauonekani kwa macho. Hekima hiyo ndiyo msingi wa upimaji wa kauri za kisasa, zile zinazotengenezewa zana za kukatia chuma, sehemu za mitambo na vichwa vya nyonga bandia.

Chuma kikizidiwa aghalabu hupinda kwanza, kikatoa onyo. Kauri huvunjika ghafla. Mwaka 1921 mhandisi A. A. Griffith wa Uingereza, aliyefanya majaribio ya kioo, alieleza kwamba vitu vya namna hiyo huvunjika kuanzia kwenye nyufa ndogo zilizomo tayari. Hivyo vipande viwili vya tanuri moja vyaweza kutofautiana sana kwa nguvu. Ndiyo maana wapimaji huvunja vijiti 30 au zaidi, kisha hutumia kanuni ya Waloddi Weibull wa Sweden kujua nguvu hizo zimetawanyika kiasi gani. Mnyororo hukatika penye pete dhaifu.

Mwongozo wa Serikali ya Marekani wa mwaka 1995 ulizingatia jambo hilo. Ulitaka vichwa vya nyonga vya kauri vistahimili kwa wastani kilonyutoni 46, yaani karibu tani 4.7, tena kisivunjike hata kimoja chini ya kilonyutoni 20.

Hatari yenyewe si ya vitabuni. Mwaka 1998 kiwanda kimoja cha Ufaransa kilianza kuchoma vichwa vya zirkonia katika tanuri la namna nyingine. Mwaka 2001 mafungu kadhaa yaliondolewa katika matumizi, kwa sababu vichwa vilikuwa vikivunjika ndani ya miili ya wagonjwa. Waliopatwa na msiba huo iliwabidi wapasuliwe tena.

Basi afisa anayeidhinisha ununuzi wa vifaa vya hospitali hana budi kuuliza: kipande kilicho dhaifu kuliko vyote kilivunjika kwa mzigo gani? Je, utengenezaji umebadilika tangu kipimo kilipofanywa? Cheti cha tanuri la zamani si ushahidi wa tanuri jipya. Mwalimu naye awafundishe wanafunzi kwamba wastani mzuri waweza kuficha kasoro moja inayoua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kauri hauzibiki. Dawa yake ni kuutafuta mapema.