Gawio Latoka Wapi?

Wako wanaodhani kwamba kampuni ikiongeza gawio mwaka hata mwaka, hisa zake ni amana isiyopotea. Sisi hatukubaliani nao.

Kampuni ya General Electric ya Marekani, iliyokuwa ikiunda mitambo ya umeme na injini za ndege, ilisifiwa sana kwa gawio lake, na wastaafu wengi waliliegemea kama mshahara. Kumbe sehemu kubwa ya faida yake ilitoka katika tawi lake la mikopo, wala si viwandani! Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipolikumba tawi hilo, gawio la robo mwaka lilishushwa mwaka 2009 kutoka senti 31 hadi 10, mara ya kwanza tangu 1938. Likapandishwa tena hadi senti 24. Mwaka 2017 likakatwa kuwa 12, na mwishoni mwa 2018 ikabaki senti moja tu.

Kwa hiyo yampasa mnunuzi wa hisa asihesabu miaka peke yake. Aulize: baada ya kulipa mishahara, riba na matengenezo ya mitambo, fedha taslimu iliyobaki yatosha gawio, ama kampuni yakopa ili igawe? Hesabu hizo huchapwa kila mwaka, na mwenye hisa anayo haki ya kuzidai mkutanoni.