Adrenalini Kwanza, Safari Baadaye

Katavi ni nchi ya misitu ya miombo, na penye miombo hapakosi nyuki. Asali ya Inyonga inajulikana mbali na mkoa huo, na huko Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe, urinaji wa asali huenda sambamba na kilimo cha mpunga na ufugaji. Kwa watu walio wengi, mchomo wa nyuki ni maumivu ya siku moja na uvimbe wa siku mbili. Kwa wachache ni jambo jingine kabisa: mwili unaupokea mchomo huo kana kwamba ni uvamizi, unajihami kupita kiasi, na katika kujihami huko unamwangamiza mwenyewe. Hali hiyo huitwa mshtuko wa mzio, au anafilaksisi, na dawa yake ya kwanza ni moja tu: adrenalini.

Ni vema jambo hili lisemwe bila kuzungusha maneno, kwa sababu katika vituo vingi vya tiba dawa nyingine hutangulia. Mgonjwa hufikishwa akiwa amevimba uso na kuhema kwa shida, naye huchomwa haidrokotisoni, hupewa kidonge cha klofeniramini, kisha huandikiwa rufaa. Dawa hizo mbili si mbaya. Ya pili hupunguza mwasho na vipele, na ya kwanza huanza kazi baada ya saa kadhaa. Lakini hakuna hata moja kati yake inayofungua koo linaloziba, wala inayopandisha shinikizo la damu lililoporomoka. Adrenalini hufanya yote mawili kwa dakika chache: hukaza mishipa ya damu iliyolegea, hupunguza uvimbe wa njia ya hewa, hutanua mirija ya mapafu na kuupa moyo nguvu ya kusukuma.

Muda ndio kiini cha hoja. Daktari Richard Pumphrey wa Uingereza alichunguza vifo vilivyotokana na mshtuko wa mzio, na mwaka 2000 akachapisha alichokiona. Kwa waliodhuriwa na chakula, moyo au pumzi vilisimama katika muda wa kati wa dakika 30. Kwa waliochomwa na wadudu, dakika 15. Kwa waliodhuriwa na dawa hospitalini, dakika 5. Takwimu hizo zikiwekwa juu ya ramani ya Katavi, maana yake huonekana mara moja. Barabara ya kutoka Mpimbwe kwenda Mpanda hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hakuna gari la wagonjwa, hata liwe na dereva hodari namna gani, linaloweza kuimaliza safari hiyo kwa dakika 15. Kumpa rufaa mgonjwa wa mshtuko wa mzio kabla ya kumchoma adrenalini ni kumkabidhi barabarani.

Katika nchi tajiri, jibu la tatizo hili limekuwa kalamu ya adrenalini: kifaa chenye dozi moja iliyokwisha kupimwa, ambacho mgonjwa hutembea nacho na kujichoma mwenyewe. EpiPen, iliyo mashuhuri kuliko zote, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ni kifaa chema kilichookoa watu wengi. Lakini ni ghali: mwaka 2016 bei ya kasha la kalamu mbili nchini humo ilifikia takriban dola 600, ikazusha hasira hata kwa Wamarekani wenyewe. Dawa iliyomo ndani ya kalamu hiyo ni ileile iliyomo katika ampuli ndogo ya kioo yenye miligramu 1 kwa mililita 1, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kalamu, na ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Kwa hiyo zahanati ya Majimoto haina haja ya kuisubiri kalamu. Inahitaji ampuli zisizopitwa na muda, mabomba ya sindano ya mililita 1, na kipimo kilichoandikwa kwa herufi kubwa ukutani: mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5. Mtu mzima hupata mililita 0.5 ya ampuli hiyo. Mtoto wa kilo 20 hupata mililita 0.2. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Haichomwi chini ya ngozi, kwa kuwa huko hufyonzwa polepole, wala haisukumwi kwenye mshipa na asiye na uzoefu, kwa kuwa huko ndiko hatari ilipo. Hali isipotengemaa, dozi hurudiwa baada ya dakika 5.

Wako wahudumu wanaoiogopa dawa hii. Wanakumbuka kwamba huudundisha moyo, na wanachelea kulaumiwa iwapo mzee mwenye ugonjwa wa moyo atazidiwa. Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo. Madhara makubwa ya adrenalini hutokana zaidi na dozi kubwa iliyopitishwa kwenye mshipa. Dozi sahihi ya msulini huleta mtetemeko, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio kwa muda mfupi, kisha hupita. Katika mshtuko wa mzio, hata mgonjwa wa moyo anauawa na kukosa adrenalini kabla ya kudhuriwa na adrenalini yenyewe. Muuguzi aliyefunzwa aruhusiwe kuichoma pale anapoona dalili, bila kumtafuta kwanza daktari kwa simu. Aliyeaminiwa kuchoma penisilini na dawa ya sumu ya nyoka, ambazo zote zaweza kuleta mshtuko huo, hana budi kuaminiwa na dawa inayouzima.

Dalili zenyewe hazihitaji mashine. Vipele na mwasho vikifuatana na kuhema kwa shida, sauti kukwama, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzirai, hapo pana mshtuko wa mzio. Na vipele vyaweza kukosekana: aliyechomwa na nyuki akaanguka ghafla asingojewe hadi ngozi itoe ushahidi. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisimamishwe ghafla wala kutembezwa, kwa maana wapo waliokata roho kwa kuinuliwa tu. Jambo hili liwafikie pia waendesha bodaboda, ambao mara nyingi ndio gari la wagonjwa la kijiji.

Pamoja na hayo, kalamu ina wenyewe. Mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko mkubwa, na ambaye makazi au kazi yake iko mbali na zahanati, anastahili kuwa nayo ikiwa yeye au ndugu zake wanaimudu. Kumpa ampuli na bomba la sindano ni bora kuliko kumwacha mikono mitupu, lakini si njia isiyo na kasoro: katika utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2001, wazazi waliofundishwa kuvuta dozi kutoka kwenye ampuli walitumia zaidi ya dakika 2, na vipimo vyao vilitofautiana mno. Kalamu huondoa shaka hiyo, alimradi mwenye nayo anajua kuitumia na kuitunza.

Kuitumia kwataka mazoezi kabla ya siku ya dhiki. Hushikwa kwa ngumi, kidole gumba kisiwekwe kwenye ncha yoyote. Kifuniko cha usalama huondolewa, ncha hugandamizwa kwa nguvu kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, na kushikiliwa kwa sekunde zilizotajwa kwenye maelezo yake. Aina moja hutaka 3, nyingine 10. Saa huangaliwa na kukumbukwa. Baada ya hapo mgonjwa hupelekwa kituoni hata kama amepata nafuu, kwa sababu mshtuko waweza kurejea saa kadhaa baadaye. Kalamu iliyotumika huenda naye, ili mhudumu aione na kuitupa katika sanduku la sindano.

Kuitunza ndiko kugumu zaidi katika nchi ya joto. Mji uliopewa jina kwa chemchemi zake za maji moto hauna haja ya kuambiwa joto ni nini. Kalamu hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, na mchepuko wa kati ya 15 na 30 huvumiliwa. Isiachwe juani, kwenye sanduku la pikipiki, chini ya bati wala karibu na jiko. Isiwekwe pia kwenye friji, kwa kuwa baridi kali huweza kuharibu mtambo wake. Mahali pafaapo ni ndani ya nyumba palipo na kivuli na hewa, na safarini ni katika mfuko uliosokotwa nguo nene, uliokaribu na mwenyewe. Kila mwezi dawa iangaliwe kupitia dirisha dogo la kalamu: ikiwa maji yake yamegeuka rangi ya hudhurungi au yana chembe, haifai tena. Tarehe ya mwisho iandikwe mahali inapoonekana, kwani kalamu nyingi hudumu kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu tu. Ikitokea dharura na iliyopo ni ile iliyopitwa na muda lakini maji yake bado ni maangavu, ni heri itumike kuliko kukosa kabisa. Ampuli za zahanati nazo zichungwe vivyo hivyo: zikae kizani ndani ya boksi lake, zikaguliwe kwa zamu, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye wajibu.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Hawakusema anayefuata nyuki akubali kufa. Ampuli moja, bomba moja la sindano na muuguzi mmoja asiyesita ni vitu ambavyo Mpimbwe inaweza kuwa navyo bila kungoja mfadhili. Wananchi nao wanayo haki, wanapofika zahanati hata kwa jambo jingine, kuuliza swali fupi: adrenalini ipo, na nani anajua kuichoma? Zahanati isiyo na jibu ina kazi ya kufanya kabla msimu ujao wa kurina haujafika.