Mama wa Taifa Aliyeikataa Nishani

Ni ada ya mataifa kuwatunuku wasanii wao majina ya taadhima, na aghalabu jina likishatolewa, aliyelipokea hutarajiwa alitunze kwa kunyamaza panapotakiwa kimya na kutabasamu panapotakiwa tabasamu. Inge Meysel, mwigizaji wa televisheni ambaye Wajerumani walimwita Mama wa Taifa, alilipokea jina akaikaidi ada. Na kwa rai yangu hapo ndipo ilipo fahari yake, kupita hata umahiri wake wa kuigiza.

Alizaliwa Berlin mwaka 1910, baba yake akiwa Myahudi na mama yake mzalia wa Denmark, akaanza kazi ya jukwaani mwaka 1930. Lakini Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, na nasaba ikafanywa mizani ya kumpimia mja, alipigwa marufuku kuigiza mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1945. Umri ambao waigizaji wa kike hupewa nafasi za kupendwa na kuposwa ulimpita akiwa nje ya ukumbi, hata mlango ulipofunguliwa akawa na miaka 35, naye akaanza upya mjini Hamburg.

Umaarufu mkubwa ulimfikia katika utu uzima. Tangu mwaka 1965 hadi 1971, kila ilipowadia Siku ya Mama, televisheni ilionyesha sehemu moja ya mchezo wa Die Unverbesserlichen, yaani Wasiorekebika, ulioandikwa na Robert Stromberger, ambamo Meysel alikuwa Käthe Scholz, mke katika nyumba ya watu wa kadiri. Käthe hakuwa malaika: alikuwa mkali wa ulimi, hodari wa hila ndogondogo, mwenye kuwahangaikia mume na watoto hata wakachoka kuhangaikiwa, na watazamaji walimpenda kwa kuwa walimwona ndani yake mama wanayemjua, si yule asifiwaye katika kadi za sikukuu. Meysel mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Basi nchi ambayo zamani ilimhukumu kuwa hastahili hata kukanyaga jukwaa, sasa ilimwita mama. Mwingine angaliridhika na suluhu hiyo, akala matunda yake kwa raha. Yeye aliyafanya mahaba ya watu kuwa idhini ya kuwaambia yasiyowapendeza. Mwaka 1978 aliungana na mtetezi wa haki za wanawake Alice Schwarzer na wanawake wengine kulishtaki jarida la Stern kwa picha za jalada zilizowadhalilisha wanawake. Kesi walishindwa, lakini mjadala ulienea nchi nzima. Na mwaka 1981 alipotunukiwa nishani ya ustahiki ya Jamhuri ya Shirikisho, aliikataa, akiona kwamba kuishi kwa uadilifu si jambo la kulipwa nishani.

Wako watakaosema kwamba huo ni ujeuri, na kwamba wajibu wa msanii ni kuburudisha, siasa awaachie wenyewe. Siafikiani nao. Aliyewahi kunyamazishwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya damu yake hakuwa na deni la ukimya kwa yeyote, na heshima itolewayo kwa sharti la utiifu ni ujira tu. Meysel alifariki mwaka 2004, akiwa na miaka 94, na hakuwa ameacha kusema. Taifa linalotamani wasanii wa kweli, si mapambo, halina budi kustahimili kukosolewa na wale wale linaowashangilia.