Ukuta wa Stars na umri wa Samatta: Lawama zimeelekezwa kusiko

MLOLA, Lushoto

KUTOLEWA kwa Taifa Stars na Morocco kwa bao 1-0 mjini Rabat, Januari 4, 2026, kumeacha mjadala mzito miongoni mwa mashabiki wa soka nchini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kucheza hatua ya mtoano katika Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON), na bao pekee la Brahim Diaz katika dakika ya 64 ndilo lililoizima safari hiyo.

Mjadala huo haukuishia Dar es Salaam. Umepanda hadi kwenye Milima ya Usambara, ambako katika maeneo kama Mlola, wilayani Lushoto, mpira hutazamwa katika vibanda umiza na kisha kuchambuliwa upya siku ya gulio, kati ya magunia ya viazi na matenga ya kabichi. Hoja zinazogongana ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Stars ilijihami mno, ikasahau kuwa mechi hushindwa kwa mabao. Ya pili ni kwamba nahodha Mbwana Samatta, aliyetimiza miaka 33 Desemba 2025, wakati wake umepita na anapaswa kuwapisha vijana.

Hoja hizo huzungumzwa kana kwamba ni mambo mawili tofauti. Kwa hakika ni jambo moja, na anayezitenganisha huishia kumhukumu mtu asiyehusika.

Takwimu zaitetea safu ya ulinzi

Tanzania imeshiriki fainali za AFCON mara nne. Mwaka 1980 nchini Nigeria ilicheza mechi tatu na kufungwa mabao sita. Mwaka 2019 nchini Misri ilifungwa mabao manane katika mechi tatu, yakiwamo matatu kutoka kwa Kenya katika mchezo ambao Stars iliongoza mara mbili. Baada ya hapo hali ilibadilika. Katika fainali za 2023, zilizochezwa Ivory Coast mapema mwaka 2024, iliruhusu mabao manne katika mechi tatu, na matatu kati ya hayo yalitoka kwa Morocco katika mchezo mmoja. Nchini Morocco, katika fainali za 2025, iliruhusu mabao matano katika mechi nne.

Kwa maneno mengine, timu iliyokuwa ikipitisha karibu mabao matatu kila mchezo mwaka 2019 sasa hupitisha bao moja na kitu. Hata tiketi za fainali hizo zilipatikana kwa njia hiyohiyo. Septemba 7, 2023, Stars ilifuzu kwa sare ya bila kufungana na Algeria mjini Annaba. Novemba 19, 2024, ilifuzu tena kwa kuifunga Guinea bao 1-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, bao la Simon Msuva. Anayedai kuwa ukuta ndio ulioiangusha timu asisahau kuwa ukuta huohuo ndio ulioifikisha Rabat.

Upande wa pili wa daftari, hata hivyo, hauridhishi. Katika mechi 13 za fainali hizo nne, Stars imefunga mabao tisa tu na haijashinda hata mchezo mmoja. Ilifika 16 bora kwa pointi mbili, baada ya kufungwa na Nigeria 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Uganda na Tunisia. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN inayohusisha wachezaji wa ligi za ndani, ilimaliza hatua ya makundi ikiwa imeruhusu bao moja tu katika mechi nne, kisha ikatolewa na Morocco hiyohiyo kwa bao 1-0 katika robo fainali jijini Dar es Salaam. Ndani ya miezi mitano, mpinzani ni yuleyule na matokeo ni yaleyale.

Mkulima wa Usambara anaielewa hali hii pasipo kuchorewa ubao. Matuta huzuia udongo usiporomoke na mvua, lakini matuta peke yake hayaoti viazi. Ulinzi umeihifadhi Stars isiporomoke. Kinachokosekana ni mbegu ya mabao.

Mshambuliaji aliyeachwa kisiwani

Hapo ndipo jina la Samatta linapoingizwa. Wanaomkosoa husema hakufunga bao katika fainali za 2023 wala za 2025, na hilo ni kweli. Mabao matatu ya Stars nchini Morocco yalifungwa na Charles M'Mombwa, Msuva kwa mkwaju wa penalti, na Feisal Salum. Bao la mwisho la Samatta katika fainali hizo ni lile la mwaka 2019 dhidi ya Kenya.

Lakini mshambuliaji wa timu inayojihami hafanyi kazi ya mshambuliaji wa timu inayomiliki mpira. Viungo wake wakirudi nyuma kuongeza idadi ya walinzi, yeye hubaki mbele peke yake kati ya mabeki wawili au watatu, akisubiri mpira mrefu usiokuwa na anwani. Akiupata, analazimika kuushika hadi wenzake wapande. Kazi hiyo haiandikwi kwenye orodha ya wafungaji. Bao la Msuva dhidi ya Zambia mwezi Januari 2024 lilitokana na pasi ya Samatta, lakini wengi wanamkumbuka mfungaji pekee.

Samatta huyo ndiye aliyetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Ndiye aliyefunga mabao 23 ya ligi akiwa na Genk katika msimu wa 2018/19 walipotwaa ubingwa wa Ubelgiji. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya England, akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Mechi hizo alizicheza katika timu zilizomfikishia mpira ndani ya boksi.

Jungu kuu halikosi ukoko

Si Tanzania pekee inayobishana kuhusu mkongwe aliye ndani ya timu ya walinzi. Nchini Marekani, Februari 2016, katika fainali ya mpira wa Kimarekani iitwayo Super Bowl, Denver Broncos iliifunga Carolina Panthers 24-10. Peyton Manning, mpangaji wa mashambulizi wa Denver, alikuwa na umri wa miaka 39, na msimu ule pasi zake zilizonaswa na wapinzani zilikuwa nyingi kuliko zile zilizozaa alama za kufunga. Mchezaji bora wa fainali alikuwa mlinzi, Von Miller. Wapo waliosema Manning alibebwa. Wengine walisema busara yake ilikuwa ni kutambua kwamba nguvu ya timu iko nyuma, akacheza bila kuihatarisha. Alistaafu mwezi uliofuata.

Karibu zaidi na nyumbani, Roger Milla wa Cameroon alifunga mabao manne katika Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, yote akitokea benchi. Hapa nchini, mlinda mlango Juma Kaseja alirejeshwa Stars mwaka 2019 akiwa na miaka 34, naye ndiye aliyekuwa langoni Burundi ilipotolewa kwa penalti 3-0 katika mchujo wa Kombe la Dunia. Katika CHAN ya 2025, bao la ushindi dhidi ya Mauritania lilifungwa dakika za mwisho na beki Shomari Kapombe, naye akiwa na miaka 33.

Mifano hiyo haithibitishi kwamba umri si kitu. Inaonyesha kwamba mkongwe hufaa pale benchi la ufundi linapojua limpe dakika ngapi na kazi gani. Milla hakutakiwa kukimbia dakika 90.

Nani atarithi?

Swali gumu zaidi ni nani atakayechukua nafasi hiyo, na jibu lake haliko Rabat bali katika Ligi Kuu Tanzania Bara. Mfungaji bora wa msimu wa 2020/21 alikuwa John Bocco, na wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold. Tangu hapo, kwa misimu mitatu mfululizo, kiatu hicho kilikwenda kwa wageni: Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi waliolingana kwa mabao 17 mwaka 2023, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso aliyefunga 21 mwaka 2024, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast aliyefunga 16 mwaka 2025. Clement Mzize wa Yanga, aliyefunga mabao 14 katika msimu huo wa mwisho, ndiye kijana wa Kitanzania aliyewakaribia.

Wageni hao wamezisaidia klabu. Bila wao ni vigumu kuiona Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, au Simba katika fainali hiyo mwaka 2025. Lakini klabu inaporuhusiwa kusajili wageni hadi 12, nafasi ya kwanza kujazwa ni ile ya mfungaji. Kijana wa Kitanzania hubaki benchi akijifunza kutazama, na timu ya taifa humrudia mkongwe kwa kuwa haina mwingine aliyezoea presha ya lango.

Fainali za AFCON 2027 zimepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na zikifanyika katikati ya mwaka huo kama ilivyokusudiwa, Samatta atakuwa na miaka 34. Mbele ya mashabiki wao wenyewe, Stars haitavumiliwa ikisubiri kufungwa bao moja dakika ya 64. Italazimika kushambulia, na kwa hilo itahitaji viungo watakaopanda, pamoja na washambuliaji wawili au watatu watakaokuwa wamecheza msimu mzima katika klabu zao.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kumwondoa Samatta leo bila kubadili namna timu inavyoshambulia ni kumpeleka kijana mwingine kwenye kisiwa kilekile, ili naye akatukanwe vibandani baada ya miaka miwili.